Kabla ya Kuchoma Bunduki Kuukuu

Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 yasema kwamba bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake haihesabiwi kuwa silaha. Ni kitu cha kale tu, kama saa ya ukutani iliyoachwa na babu, na Serikali Kuu ya nchi hiyo haimdai mnunuzi kibali, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yake. Uingereza nayo, kwa sheria yake ya mwaka huohuo, humwachia mtu kuweka bunduki ya kale pasipo cheti, maadamu aiweka kama pambo. Akitaka kuipiga, hapo ndipo cheti hudaiwa.

Kwa hao wenzetu mwaka 1898 ni mstari uliopigwa na makarani. Kwetu sisi una maana nyingine. Tarehe 19 Julai ya mwaka huo, Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi kwa mkono wake mwenyewe ili asikamatwe hai na Wajerumani. Katika mwaka huohuo jeshi la Ujerumani lilipokea bunduki yake mpya ya Mauser, na ile ya zamani, Mauser ya mwaka 1871, ikaendelea kubaki mabegani mwa askari wa makoloni. Hiyo ndiyo bunduki iliyopita katika vijiji vyetu. Leo yatundikwa ukutani katika nyumba za watu ambao hawajapata kuisikia Iringa.

Hatuwadharau watu hao. Ukusanyaji wa bunduki za kale ni kazi ya subira, na anayeifanya kwa haki hujifunza mengi. Mauser ya 1871 hupiga risasi moja moja, yenye upana wa milimita 11, kwa baruti nyeusi. Kwa kuwa risasi za namna hiyo hazipatikani kwa urahisi madukani, wengi huyeyusha risasi yao wenyewe na kushindilia baruti katika maganda. Wajua pia kwamba baruti ya kisasa isiyo na moshi ikitiwa katika mtutu uliotengenezwa kwa baruti nyeusi yaweza kuupasua na kumwua mpigaji. Jioni huosha mtutu kwa maji ya moto, maana masizi ya baruti nyeusi hula chuma. Wako hata wanaokutana katika mashindano ya kimataifa ya bunduki za kushindilia kwa mdomo. Zaidi ya yote, husoma alama: jina la kiwanda, mwaka, namba, na pengine mhuri wa kikosi. Kutokana na alama hizo hueleza bunduki ilizaliwa wapi na ilipewa nani.

Hapa ndipo twataka wananchi wenzetu wasimame nasi kidogo. Elimu hiyo yahusu mambo yaliyotupata sisi.

Wengi hawajui kwamba umri wa bunduki uliwahi kutumiwa kuwa kamba ya kumfungia Mwafrika. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Kwa jina ulikuwa mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli biashara ile ilistahili kukomeshwa. Lakini ndani yake mlikuwa na kifungu kilichozuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa wenyeji katika sehemu kubwa ya Afrika. Walichoweza kuruhusiwa, kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Mwenye nchi akaachiwa bunduki ya karne iliyopita, na mgeni akaja na ya karne yake. Baada ya hapo vitabu vyao vikaandika kwamba tulishindwa kwa sababu ya ushujaa wao!

Hata hivyo mizani haikulala upande mmoja siku zote. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walikivunja kikosi cha Zelewski, wakamwua yeye mwenyewe, na kuteka bunduki zipatazo 300 pamoja na mizinga mitatu. Kalenga ilianguka mwaka 1894, lakini vita vya msituni viliendelea miaka minne zaidi. Bunduki zile zilikwenda wapi? Nyingine bila shaka zilirudi mikononi mwa Wajerumani. Twaamini kwamba nyingine zilifichwa, zikarithiwa, zikakatwa na kuungwaungwa na mafundi wa vijijini. Miaka ishirini na mitatu baada ya Lugalo, katika vita vya Tanga vya Novemba 1914, askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871, na moshi wake mzito uliwaonyesha adui mahali walipolala. Waafrika na Wahindi walikufa pale katika ugomvi wa wenye viwanda vya Ulaya.

Basi tuje kwetu leo. Gobore kwetu ni silaha, na mwenye nalo hutakiwa awe na kibali. Twaona hiyo ni haki. Chuma hakipotezi makali yake kwa sababu ya uzee, na gobore la babu laweza kuua sawasawa na bunduki ya jana. Nchi yetu ni mmojawapo wa waliotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ya kupambana na silaha ndogondogo, na silaha zinazosalimishwa au kukamatwa huteketezwa. Mkulima aliyelinda shamba lake dhidi ya nguruwe na nyani kwa gobore lisilo na kibali, akalisalimisha kwa hiari, amefanya jambo jema.

Lakini lundo linalopelekwa motoni si la namna moja. Chini ya bunduki za majambazi yaweza kulala Mauser iliyotekwa Lugalo, au gumegume lililoletwa wakati wa mkataba tulioutaja. Moto hauchagui. Ombi letu kwa wenye madaraka ni kwamba kila lundo likaguliwe kabla ya siku ya moto. Bunduki ya kale isomwe alama zake na kupigwa picha, na aliyeileta aulizwe kwa upole, bila kutishwa, ilitoka kwa nani na ilifikaje kwake. Zile zenye habari kubwa zizibwe mtutu zisipige tena, zikabidhiwe makumbusho.

Watakuwako watakaosema: kwa nini tusiziuze kwa matajiri wa ng'ambo wanaozipenda, tupate fedha za kigeni? La hasha! Fuvu la Mkwawa lilikaa ugenini zaidi ya nusu karne mpaka liliporudishwa mwaka 1954, na twajua jinsi kurudisha kulivyo kugumu kuliko kutoa.

Wala gharama haitishi. Kwa kila bunduki yatosha kitambaa chenye mafuta, daftari, kalamu, na mtu mmoja aliyefundishwa kusoma mihuri. Mzee aliyeileta akiwa bado hai, aanze yeye kuulizwa. Bunduki yaweza kungoja ghalani.