Kuhifadhi Si Kuidhinisha

Wapenzi wa lugha tuna bidii ya kujadili istilahi za fasihi na isimu, ilhali istilahi za kompyuta tumewaachia mafundi peke yao. Naona mgawanyo huu wa kazi hauna faida. Mfano mmoja utatosha kuonyesha kwa nini.

Ipo programu iitwayo Oracle SQL Developer, inayotumiwa kutengeneza na kuhudumia kanzidata. Tuseme mhariri ametunza humo diwani nzima: jedwali moja la mashairi, jingine la mishororo. Anafungua dirisha la kuandikia amri, anasahihisha kina kilichopotoka, kisha anabofya alama ya kuhifadhi. Je, sahihisho lake limehifadhiwa? La. Kilichohifadhiwa ni faili yenye maandishi ya amri. Badiliko lenyewe, kwa mpangilio wa kawaida wa programu hiyo, hukaa likisubiri. Akibonyeza F11, linakuwa la kudumu. Akibonyeza F12, linaondoka kana kwamba halikuwapo. Muda wote huo mwenzake aliye kwenye kompyuta nyingine anasoma mshororo wa zamani, na akitaka kuusahihisha yeye, amri yake itangoja hadi wa kwanza aamue.

Sasa tazama maneno tunayompa mwanafunzi. Vitendo vyote viwili mara nyingi huitwa "kuhifadhi". Nalo "funga" limeelemewa zaidi: dirisha hufungwa, faili hufungwa, na safu inayosubiri uamuzi nayo husemwa imefungwa. Mshairi hufurahia neno lenye maana nyingi, kwani huo ndio mtaji wake. Lakini anayetunza majina ya wagonjwa au alama za watahiniwa anahitaji neno lenye maana moja. Utata wa kitenzi kimoja waweza kumfanya aondoke mezani akiamini kazi imekwisha, kumbe haijaanza kuonekana kwa wengine.

Napendekeza "hifadhi" libaki kwa faili tu. Kitendo cha F11 tukiite "kuidhinisha", na cha F12 "kutangua". Tayari twasema ahadi imetanguka, uchumba umetanguka; na badiliko lisiloidhinishwa lafanana mno na posa, kwa kuwa jambo limekwisha kutamkwa, halijatimia, na mwingine hana ruhusa ya kuingilia kati. Safu iliyo katika hali hiyo tuseme "imeshikwa", ili "funga" lipumzike. Kwa sababu hiyo hiyo nalipenda "kanzidata" kuliko "hifadhidata". Kanzi ni hazina, na neno hilo halituongezei "hifadhi" nyingine ya kutuchanganya.

Neno "dirisha", kwa upande wake, limetufaa kuliko tunavyodhani. Katika programu hiyo, madirisha mawili ya amri yaliyofunguliwa kwa muunganisho mmoja huchangia kikao kimoja. Ni madirisha mawili ya chumba kimoja. Mhariri akitangua katika dirisha la pili, basi hata badiliko aliloliandika katika la kwanza, ikiwa halijaidhinishwa, limekwenda nalo. Akitaka chumba cha pili chenye mlango wake, hubonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja, akapata dirisha lenye kikao chake pekee. Sijapata maelezo mafupi ya jambo hili yaliyo wazi kuliko hayo ya chumba na madirisha, na yametoka ndani ya lugha yenyewe.

Najua pingamizi litakalokuja: amri za kanzidata ni za Kiingereza, mafundi husema "kukomiti" na wanaelewana. Ni kweli wanaelewana, lakini ni wale ambao tayari wanajua. Anayeanza hupewa sauti asiyoweza kuihusisha na kitu chochote alichowahi kukiona, na hivyo hukariri kitufe bila kushika maana yake. Wala sikatai maneno ya kukopa. "Faili" tumelikopa kwa Kiingereza, na asili yake ya mbali ni neno la Kilatini lenye maana ya uzi, kwa kuwa zamani nyaraka zilitungwa uzini. Sisi tunaotunga shanga na kutunga mashairi kwa kitenzi kimoja, tungepaswa kulipokea neno hilo kama jamaa aliyerudi.

Ninachokidai ni kwamba wanaozoea kupima maneno kwa mizani waketi pamoja na wanaoandika miongozo ya programu, kabla miongozo hiyo haijachapishwa. Kama "idhinisha" na "tangua" hayakupendezi, ndugu msomaji, lete mengine. Sharti langu ni moja: yawe mawili, na kila moja liwe na kazi yake.