Vanila yetu isiishie mpakani Kasindi

Vanila inatoka mashambani Beni, Mutwanga na Mambasa ndani ya magunia, inafika Kasindi, nyingine ikivuka bila karatasi yoyote, na huko ng'ambo inachanganywa na ya Uganda. Halafu mama anayepika gato hapa Butembo anaingia butiki kununua sashe ndogo iliyoandikwa "vanila". Mara nyingi ndani ya ile sashe hamna vanila hata chembe. Kuna sukari na vanilini ya kiwandani, ambayo kwa wingi inatengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Si sumu, na simkatazi mtu kuitumia. Ila sioni sababu ya sisi, tunaoishi karibu na mashamba, kuwa wa mwisho kuonja mazao yake.

Maoni yangu ni haya: kila nyumba inayolima vanila, au inayoweza kupata maganda machache kwa bei ya kijijini, iweke chupa moja ya vanila katika pombe kali, kwa ajili ya mapishi yake na zawadi zake. Sisemi tuache kuuza. Mnunuzi anataka ganda refu, lisilopasuka, lenye sura nzuri. Yale mafupi na yaliyopasuka anayakata bei au anayatupilia mbali. Lakini ndani ya chupa urefu hauna maana, na ganda lililopasuka linatoa harufu upesi zaidi, bora tu liwe limekauka vizuri na halina ukungu.

Najua jibu litakalokuja. Watu wamelala katika madarasa na kwa wenyeji waliowapokea, na huyu wa redio anatuletea habari za gato! Lakini muulizeni mlimaji aliyekimbia upande wa Oicha au Eringeti ameacha nini nyuma. Wengi watawaambia kakao, na baada ya kakao watataja vanila. Ua la vanila linafunguka asubuhi moja tu, na kufikia mchana limeshafunga. Huku kwetu hakuna mdudu wa kulizalisha, kwa sababu mmea huu asili yake ni Mexico. Ni lazima mkono wa mtu uguse kila ua kwa kijiti. Ujuzi huo ulienea duniani kutoka kisiwa cha Réunion, ambako mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alionyesha namna ya kufanya. Basi familia ikikimbia risasi katika wiki ya maua, imepoteza mavuno yote ya miezi 9 inayofuata, hata kama hakuna aliyekata mti mmoja. Hasara hiyo haiandikwi katika ripoti za nyumba zilizochomwa.

Wanaobaki, au wanaorudi kwa siku mbili tatu kuchungulia shamba, wanavuna haraka kabla mwizi au mtu wa bunduki hajafika. Hapo ndipo tunajiumiza wenyewe. Ganda bichi halina harufu ya vanila, na lisilokomaa halitaipata vizuri hata ulikaushe namna gani. Mnunuzi anayelikubali anajua hivyo, na bei yake inaonyesha. Kisha sifa mbaya inawaangukia hata waliosubiri. Tukumbuke pia kwamba bei yenyewe haina huruma: mwaka 2018 kilo ya vanila kavu ilipita dola 500 kwenye soko la dunia, watu wakapanda kila mahali, kisha bei ikaporomoka. Hata Madagascar, yenye vanila nyingi kuliko nchi zote, ilijaribu kuweka bei ya chini ya dola 250 mwaka 2020 na ikalazimika kuiacha mwaka 2023. Mlimaji wa Mutwanga hana nguvu juu ya hayo. Kuhusu chupa iliyo nyumbani mwake ana nguvu.

Sasa kazi yenyewe. Ganda lililokomaa linaanza kuwa la manjano kwenye ncha. Linatumbukizwa kwa dakika 3 hivi katika maji ya moto yasiyochemka, karibu nyuzi 65. Baadaye linafungwa ndani ya blanketi, likiwa bado na joto, lilale humo litoe jasho mpaka ligeuke kahawia. Kisha kwa wiki kadhaa linapigwa jua saa chache kila siku na kurudishwa ndani ya blanketi, halafu linamalizia kukauka kivulini. Kilo 5 mpaka 6 za mabichi zinakuwa kilo moja. Usiharakishe kwa kuweka juu ya babula, utapata harufu ya moshi. Ganda lililo tayari ni jeusi-jeusi, lina mafuta kidogo, na unaweza kulizungusha kidoleni lisivunjike.

Kipimo ni gramu 100 za maganda makavu kwa litri moja ya pombe. Kwa chupa ya robo litri weka gramu 25. Mwombe muuza duka mwenye mizani ndogo akupimie, maana kukisia kunaleta chupa yenye rangi nzuri na ladha ya bure. Pasua kila ganda kwa urefu, likate vipande, vitie katika chupa safi ya kioo iliyokauka, mimina pombe mpaka ifunike kila kitu. Funga, weka mahali penye giza, tikisa mara moja kwa wiki. Baada ya miezi 2 unaweza kuanza kuonja. Kwa miezi 6 inakuwa kitu kingine kabisa. Kijiko kimoja cha chai kinatosha gato la kawaida, na ukitaka isipotee na joto, ichanganye na siagi na sukari mwanzoni. Mandazi pia yanaipenda, ingawa kwa mandazi ya kuuza barabarani nadhani ni gharama isiyo na faida.

Jambo la pombe nalikazia, kwa sababu najua wengi watakimbilia kanyanga. Msifanye hivyo. Kanyanga ya leo na ya kesho hazina nguvu sawa, na iliyopikwa vibaya inaweza kuwa na metanoli, inayopofusha macho na kuua. Kwa kuangalia, kunusa wala kuonja, hakuna mtu nyumbani anayeweza kuitambua. Vanila haiiondoi. Inaifunika tu harufu, na hilo ndilo la hatari zaidi. Tumieni vodka au rumu ya digrii 40 kutoka duka linalojulikana, chupa iwe imefungwa na yenye jina la kiwanda. Kama fedha za chupa nzima hazipo, akina mama wanne wachangie moja na kugawana. Na ikishakuwa tayari, iwekwe juu mbali na watoto, kwani inanukia kama pipi lakini ni pombe.

Kuna nyumba ambazo pombe haiingii kabisa, ya Waislamu, ya Waadventista na wengine wengi. Kwao nasema wachukue ganda moja au mawili, wayapasue, wayazike katika bokali la sukari na kulifunga. Baada ya wiki 2 au 3 sukari yote inanukia. Hata maganda yaliyokwisha kutumika katika pombe, wale wanaoitumia wanaweza kuyakausha na kuyatia kwenye sukari. Hakuna cha kutupa.

Kwa nini nimetaja zawadi? Familia nyingi zilizokimbia ziko ndani ya nyumba za wenyeji, si katika kambi. Miezi inapita, chumba ni kimoja, makala yanagawanywa, na mgeni anaona aibu kwa sababu hana cha kurudisha. Nimewasikia akina mama wakisema aibu hiyo inawauma kuliko njaa. Kichupa cha vanila iliyotoka kwenye shamba lao wenyewe, kikapelekwa siku ya Noeli au Bonane, hakimalizi deni lolote, lakini kinampa mgeni jina lingine mbele ya mwenye nyumba. Ni mlimaji wa vanila, si mzigo. Kwenye harusi vilevile: nimechoka kuona bahasha na sahani za plastiki tu.

Wanaotaka kuuza waende polepole. Chupa ibandikwe karatasi yenye mwezi ilipoanzwa na aina ya pombe, na asiongeze mtu sukari iliyounguzwa ili ionekane nyeusi. Gato zuri moja litawaleta wateja, na udanganyifu mmoja utawafukuza wote, maana mjini hapa habari zinasafiri na motari kuliko redio yetu. Mashirika yanayopenda kutoa mafunzo na vyeti nayo yangefanya vema kuleta mizani na chupa tupu pamoja na hivyo vyeti.

Lakini bila ganda lililokomaa yote haya ni maneno. Uganda serikali inatangaza tarehe ya kufungua mavuno ya vanila, na anayekamatwa na mabichi kabla ya siku hiyo ana kesi. Kwetu kila kijiji kinavuna kwa hofu yake. Naomba ofisi za kilimo, wakuu wa vijiji na vyama vya walimaji wakae pamoja kabla ya msimu, waweke tarehe moja kwa eneo zima, na wanunuzi wasaini. Tarehe hiyo ikipatikana, karatasi iletwe redioni. Tutaisoma asubuhi na jioni, kwa Kiswahili, Kinande na Lingala.