Bunia: Sheria ya kemikali ipime nguvu ya dawa, isimwinde mwanafunzi

Katika mtaa wa Ngezi, kama katika mitaa mingine ya mji wa Bunia, kemikali haziko mbali na nyumba za watu. Javeli ya kufulia inauzwa kwenye vibanda. Wanaotengeneza sabuni wananunua soda kostiki. Fundi wa batri ana asidi, mchomeleaji ana karbiri, mpaka kucha ana asetoni. Hakuna anayeshangaa kuviona vitu hivyo. Mshangao unaanza pale vinapokutwa mikononi mwa kijana ambaye si fundi wala mfanyabiashara, na anayesema tu kwamba anataka kujifunza.

Mshangao huo una sababu. Siku ya Noeli 2021, bomu liliua watu kwenye baa mjini Beni. Tarehe 15 Januari 2023, bomu lingine lililipuka kanisani Kasindi, karibu na mpaka wa Uganda, likaua waumini zaidi ya kumi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziko chini ya utawala wa kijeshi. Askari anayefungua mfuko kwenye bariyeri na kukuta chupa tatu zisizo na lebo hawezi kulaumiwa kwa kuuliza maswali.

Lakini hofu peke yake si sheria. Pale ambapo hakuna kanuni inayojulikana na wote, jibu la maswali hayo linategemea siku, hali ya askari na pesa iliyo mfukoni mwa kijana. Aliyebeba chupa hajui kosa lake ni nini, na anayemkamata naye hawezi kulieleza. Kwa mji unaoishi na vita, hiyo ni hatari kwa pande zote mbili: asiye na hatia anaweza kufungwa, na mwenye nia mbaya mwenye pesa anaweza kupita.

Nchi nyingine zimepitia njia hii. Baada ya shambulio la tarehe 22 Julai 2011 nchini Norwe, ambako muuaji alitumia bomu lililotengenezwa kwa mbolea, Ulaya ilikaza masharti. Kanuni ya sasa ya Umoja wa Ulaya, namba 2019/1148, inatumika tangu tarehe 1 Februari 2021. Haikufunga kila duka. Kwa bidhaa nyingi, ilipima nguvu ya dawa. Maji ya oksijeni ya kusafishia vidonda, ambayo ni ya asilimia 3, yanauzwa bila shida. Yakizidi asilimia 12 mtu binafsi hauziwi bila kibali. Asidi ya salfa ikizidi asilimia 15, vivyo hivyo. Muuzaji anayeona ununuzi wa kutia shaka anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24.

Huko pia wapenda kemia wanalalamika. Nchi nyingine za umoja huo hazitoi kibali hata kidogo kwa mtu binafsi, na aliyekuwa akifanya majaribio nyumbani kwa miaka amejikuta hana pa kununua. Hata hivyo, anajua mpaka uko wapi. Anaweza kuusoma na kuupinga kwa hoja.

Je, kanuni hiyo inaweza kuchukuliwa kama ilivyo na kuletwa Bunia? Hapana. Imesimama juu ya tofauti moja kubwa: mtaalamu mwenye karatasi na mtu wa kawaida asiye nazo. Bunia tofauti hiyo haishiki. Mama anayechemsha sabuni nyuma ya nyumba ni mtaalamu wa kazi yake, lakini mara nyingi hana karatasi ya biashara. Asidi ya batri nayo kwa kawaida inapita asilimia 30. Kwa kipimo cha Ulaya, mafundi wengi wa batri wa Bunia wangeamka wakiwa wavunja sheria. Na kila mvunja sheria wa aina hiyo ni mlango mpya wa trakaseri.

Hata hivyo, kanuni ya kupima nguvu si ngeni kwa watu wa hapa. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua zaidi ya watu 2 200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, wakaaji walijifunza vipimo viwili vya klorini: asilimia 0,05 kwa mikono, asilimia 0,5 kwa sakafu na vyombo. Wahudumu wa afya walifundisha, watu wakanawa mlangoni mwa kanisa, shule na ofisi. Klorini hiyo hiyo ikiwa kali inaunguza ngozi na macho. Hakuna aliyesema ipigwe marufuku. Ilifundishwa.

Hapo ndipo shule inapoingia. Mwanafunzi wa kemia mjini Bunia anaweza kufika kwenye mtihani wa serikali akiwa ameandika milinganyo mingi ubaoni bila kuona kimiminika kikibadilika rangi mbele yake. Shule nyingi hazina maabara yenye vifaa. Mwenye udadisi atatafuta njia yake: atajaribu javeli na chumvi, siki na soda, kwenye chumba kisicho na dirisha. Akichanganya javeli na asidi, hewa ya klorini inayotoka inaweza kuharibu mapafu yake na ya wadogo zake. Ajali ya namna hiyo haizuiwi na bariyeri. Inazuiwa na mwalimu.

Na kama lengo ni kulinda uhai, macho yangeangalia kwanza zebaki, ile ambayo wachimbaji huiita merkiri. Inatumiwa kukamata dhahabu, kisha inachomwa ili dhahabu ibaki. Mvuke wake hauonekani, na unaumiza ubongo na figo, hasa za watoto na za mimba. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki unafanya kazi duniani tangu tarehe 16 Agosti 2017. Katika jimbo la dhahabu kama Ituri, itakuwa ajabu kumkagua mwanafunzi mwenye chupa ya siki huku zebaki ikichomwa karibu na sufuria ya chakula.

Kwa hiyo, kanuni inayofaa Bunia inaweza kuwa fupi. Kwanza, lebo: kila chupa iuzwe ikiwa na jina la dawa, nguvu yake, hatari yake na jina la muuzaji, kwa Kiswahili na Kifaransa. Pili, daftari kwa dawa chache tu zenye nguvu, si kwa kila javeli. Tatu, mwenye umri chini ya miaka 18 anunue kupitia shule, kwa barua yenye muhuri na sahihi ya mwalimu wa kemia. Nne, zebaki ishughulikiwe kabla ya yote, pamoja na kuwafundisha wachimbaji njia za kupata dhahabu bila hiyo.

Tano, na hili ndilo gumu zaidi, mji uwe na mahali halali pa kujifunzia. Shule chache zenye maabara, pamoja na Chuo Kikuu cha Bunia na ISP, zinaweza kufungua mlango siku ya Jumamosi kwa vijana wa Ngezi na wa mitaa mingine, chini ya macho ya mwalimu. Mengi hayahitaji dawa kali. Maji ya maua mekundu ya ngai-ngai hubadilika rangi yakitiwa limau au soda, na hapo somo la asidi na besi limeanza bila hatari wala gharama kubwa.

Kuna watakaosema kwamba daftari litageuka kuwa chombo cha kutoza watu pesa. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana orodha iwe fupi, ibandikwe dukani na kusomwa redioni, na isiwe na malipo yoyote. Kanuni ambayo kila mtu anaijua kwa kichwa ni vigumu kuiuza kwenye bariyeri.

Ituri itahitaji watu wa kupima maji ya visima, kuchunguza dawa bandia na kuonyesha zebaki imefika wapi mtoni. Watu hao leo ni wanafunzi. Wakizoea kwamba udadisi ni kesi, kazi hiyo itaendelea kuwasubiri wageni.