Siku 42 ndani bila mashtaka

Hivi nani kasema uhuru wa raia una chama? Tazama Uingereza. Julai 7, 2005 mabomu yaliua watu 52 London. Mwaka huohuo Tony Blair wa Labour, chama kilicholelewa na vyama vya wafanyakazi, akataka polisi wamshikilie mtuhumiwa wa ugaidi hadi siku 90 bila kumfungulia mashtaka. Bunge likagoma, likatoa 28. Mwaka 2008 Gordon Brown akarudi na 42. Nani alijiuzulu ubunge kupinga? David Davis wa Conservative! Wapiga kura wakamrudisha, na mabwana wa House of Lords, ambao hawapigiwi kura na mwananchi, wakaizima hoja. Mwaka 2011 zikashuka hadi 14.

Polisi walisema kompyuta za watuhumiwa zinahitaji muda kuchunguzwa. Sawa. Lakini asiye na hatia akitoka baada ya siku 42, kibarua kimeshaota nyasi na majirani wameshamhukumu. Nani atamlipa?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayeomba rungu usimuulize ni wa kushoto au wa kulia. Muulize: siku ukiondoka, nani atalirithi?