Mtu wa zambarau na watoto wetu watiifu

Watoto wakibishana nani mwenye nguvu kuliko wote kwenye katuni, utasikia Thanos, utasikia Magneto anayeinua vyuma bila kuvigusa. Killgrave hawamtaji. Mimi ndiye ninayemwogopa kuliko hao wote.

Alitokea mara ya kwanza mwaka 1964, katika toleo la nne la Daredevil, kazi ya Stan Lee na mchoraji Joe Orlando. Haruki angani wala hapigi ngumi za ajabu. Alikuwa jasusi, akamwagikiwa na kemikali, ngozi yote ikageuka zambarau. Tangu hapo mwili wake hutoa kitu hewani, na aliye karibu akikivuta humtii. Akisema nipe hela, unatoa. Akishaenda zake, akili hukurudia taratibu, ukabaki kujiuliza ilikuwaje. Kwenye tamthilia ya Jessica Jones ya 2015, ambako ameigizwa na David Tennant, hata hiyo rangi hana. Ni mwanamume nadhifu wa suti, mwenye maneno laini. (Tamthilia hiyo ni ya watu wazima, msiwawekee watoto.)

Sasa, mzazi mwenzangu, tumtazame yule mtoto tunayemsifu kwamba hana shida. Ukimtuma anakwenda, mkubwa akisema hajibu. Mjomba ni mkubwa, jirani ni mkubwa, mwalimu wa tuisheni na dereva wa bodaboda wa kumpeleka shule nao ni wakubwa. Mwenye nia mbaya na mtoto huyo ana haja gani ya kemikali? Anasema tu, "Njoo huku, usimwambie mama."

Sisemi tuwalee wajeuri. Shikamoo ibaki palepale. Lakini mtoto aambiwe wazi: mtu yeyote akikutaka uvue nguo, ufiche siri, au umfuate mahali ambapo nyumbani hawajui, kataa, ondoka, uje useme, na hutapigwa. Hilo la mwisho ndilo zito, maana anayeogopa kiboko atanyamaza.

Daredevil, wakili kipofu, ni mmoja wa wachache wanaoweza kumkatalia Killgrave, kwa kukaza nia. Watoto wetu wanahitaji mazoezi. Jioni moja jifanye wewe ndiye huyo mtu mzima, umwamuru, naye akukatalie kwa sauti. Mara ya kwanza atacheka, atakuangalia usoni kwanza, na "sitaki" yake itatoka kwa kunong'ona. Rudieni.