Uvira: Anayesoma bila kuandika anapoteza mara mbili

Kila mwisho wa mwaka, mji wa Uvira unapiga hesabu. Mvuvi wa Kalundu anajua nyavu ngapi zilichanika. Mama anayeuza ndagala sokoni ana kaye ya madeni, na jina la kila aliyechukua bila kulipa limo. Wanachama wa likelemba wanafungua sanduku, kila mmoja na karne yake mkononi, na hakuna anayekubali kuambiwa kwa mdomo tu pesa zake ni kiasi gani. Hesabu moja tu haipigwi: ya vitabu vilivyosomwa.

Mwanafunzi akiulizwa mwaka huu amesoma vitabu vingapi, anacheka na kusema, "Vingi." Akiombwa ataje vitatu, anakwama kwenye cha pili. Baba yake anajibu kwamba siku hizi hasomi, hali kila jioni ana Biblia au Kurani mkononi, au kitabu cha PDF alichotumiwa kwenye simu. Wote wawili wamesoma, na wote wawili hawana cha kuonyesha, hata kwa nafsi zao wenyewe.

Hilo ni kosa, na lisisingiziwe umaskini. Kaye ya shule iliyobaki na kurasa tupu na stilo moja vinatosha kwa mwaka mzima. Kinachokosekana ni kuamini kwamba kusoma kwa mtu wa kawaida ni mali inayostahili kuandikwa kama deni la ndagala linavyoandikwa.

Wapo wanaosema kwamba wakati wa vita hakuna mwenye nafasi ya kuandika majina ya vitabu. Watu wanatafuta unga, dawa na mahali pa kulala. Neno hilo lina uzito, na mwenye tumbo tupu asichekwe. Lakini ndani ya vita hivyo hivyo wakaaji hawakuacha kuandika madeni, wala michango ya msiba, wala namba za simu za ndugu waliotawanyika. Waliandika kwa sababu walijua kwamba katika fujo, kisichoandikwa hupotea kwanza. Vita ndiyo sababu ya kuandika.

Mambo yaliyopita hapa yanatosha kuwa ushahidi. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba za kandokando. Februari 2025, familia nyingi za bonde la Rusizi na za Bukavu zilivuka mto kuingia Cibitoke, na wengi walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Desemba 2025, vita vilipofika Uvira yenyewe, barabara ya kwenda Burundi ilijaa watu tena.

Katika safari hizo hakuna aliyebeba kabati la vitabu. Mtu anambeba mtoto kwanza, kisha sufuria, kisha godoro kama mgongo unaruhusu. Kitabu kinabaki kwa maji, kwa mwizi au kwa moto. Anayesoma bila kuandika anapoteza mara mbili hapo: kitabu chenyewe kinakwenda, na baada ya miezi sita kambini kumbukumbu ya kukisoma inakifuata. Aliyeandika anapoteza mara moja. Kaye nyembamba inaingia mfukoni pamoja na karti ya uchaguzi, na haimwongezei mzigo.

Mto Rusizi wenyewe una fundisho juu ya jambo hili. Aprili 1858, Wazungu wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi. Walitaka kujua kama Rusizi inatoka ziwani kwenda kaskazini, au inaingia ziwani. Wana wa mtemi wa Uvira waliwaambia wazi kwamba mto unaingia. Watu wa hapa walilijua hilo kama wanavyojua mlango wa nyumba zao. Hata hivyo, wataalamu wa Ulaya waliendelea kubishana zaidi ya miaka kumi, hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopanda mtumbwi kutoka Ujiji, wakafika kwenye mdomo wa mto na kuona maji yakiingia. Basi, ulimwengu ukahesabu kwamba wao ndio waliogundua.

Wana wa mtemi walisema kweli miaka 13 kabla. Na leo neno lao linajulikana kwa wasomaji wa dunia kwa sababu moja tu: Burton aliliandika katika kitabu chake. Ujuzi wa Uvira ulisafiri ndani ya mfuko wa mtu mwingine, kwa lugha yake na kwa mpango wake. Mji uliopata fundisho kama hilo haupaswi kuendelea kungoja wengine wauandikie.

Atakayesema karatasi hakuna, amtazame Livingstone huyo huyo. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe katika Maniema, karatasi na wino vilimwishia. Alichukua gazeti la zamani, akaandika juu ya maneno yake kwa wino alioutengeneza kwa matunda ya mmea. Ukurasa wa nyuma wa kalenda, kipande cha katoni au nafasi tupu ya kaye ya hesabu ya mwaka jana vinatosha kuanzia.

Atakayesema kuandika ni kazi ya wakubwa, akumbuke Lubumbashi. Mwaka 1965, mji ukiitwa bado Elisabethville, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha mjini, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani kwa Wabelgiji. Wapishi na maboi hawakungoja profesa awape ruhusa. Baadaye maprofesa ndio waliokuja kukisoma kitabu chao, na Johannes Fabian alikichapisha tena pamoja na maelezo mwaka 1990.

Tena wakubwa wenyewe hawaoni haya kufanya kazi hii ndogo. Charles Darwin, mtaalamu mkubwa wa Uingereza, aliandika tangu 1838 hadi 1860 orodha ya vitabu alivyotaka kusoma na ya vile alivyosoma. Kama mtu wa akili ya namna ile hakuamini kumbukumbu yake mwenyewe, mwanafunzi wa Kasenga anaiamini yake kwa sababu gani?

Kaye yenyewe si kitu kigumu. Kila kitabu kinapewa mistari michache: siku kilipomalizika, jina lake, jina la mwandishi, lugha yake, na kilipopatikana, kama ni cha shule, cha parokia, cha msikiti, cha jirani au cha simu. Chini yake inafuata sentensi moja tu, ya kusema kitabu kilimwachia nini msomaji. "Sikukubaliana naye" ni sentensi nzuri. "Sikuelewa sura mbili za mwisho" ni nzuri zaidi, maana imesema kweli, na siku moja mwenye kaye atarudi kwenye sura hizo.

Kitabu kilichokatika katikati nacho kiandikwe. Katika nchi ambapo kitabu kinaweza kukufikia bila kurasa 20 za kwanza, au kikadaiwa na mwenyewe kabla hujakimaliza, msomaji asiadhibiwe kwa hilo. Anaandika "hadi ukurasa wa 64" na siku akikutana na kitabu hicho Bujumbura, Kigoma au Nyarugusu, anajua pa kuendelea. Kijitabu cha kujikinga na kipindupindu kiandikwe pia, na cha kulima mihogo, na cha katekisimu. Kusoma hakuanzi kwenye riwaya ya Kifaransa.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, wasomaji wengi wanaona haya kuhesabu walichosoma kwa Kiswahili, kana kwamba hakikuwa kusoma kweli. Kaye ya mtu haina haya hiyo. Mstari wa kitabu cha Kiswahili una upana sawa na mstari wa kitabu cha Kifaransa.

Na yule mama asiyejua kusoma? Asiachwe nje. Mtoto akisoma kwa sauti jioni na mama akasikiliza hadi mwisho, kitabu hicho ni cha wote wawili. Mtoto aandike jina, mama atie alama yake. Nyumba nyingi zitakuta kwamba mwenye kukumbuka hadithi vizuri ni yule aliyesikiliza.

Shule zina sehemu yake ya lawama. Kusoma kumegeuzwa kuwa jambo la pointi. Mwanafunzi anakopi maneno ya ubaoni, anakariri, anajibu mtihani, na ikifika likizo ya Julai hakumbuki tena. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, madarasa yamejaa, na kitabu kimoja kinapita katika mikono mingi. Basi ndiyo sababu ya kila mkono kuandika kwamba kitabu kilipita kwake. Mwalimu asiye na vitabu vya kugawa anaweza bado kutoa dakika kumi za Ijumaa kwa watoto kuandika walichosoma. Hilo halidai bajeti ya Kinshasa.

Lakini kazi hii ikigeuzwa mashindano, itakufa. Siku mwalimu atakapotoa zawadi kwa mwenye orodha ndefu, watoto wataandika vitabu wasivyovisoma, na watachagua vyembamba. Vitabu vinne vilivyoeleweka katika mwaka wa kukimbia ni mavuno. Mwenye kaye asilinganishwe na mtu ila na nafsi yake ya mwaka jana.

Kaye hiyo pia si mali ya mwalimu, ya mchungaji wala ya shirika la misaada. Wasiikusanye. Na hapa kuna jambo la usalama lisilofichwa: kwenye vizuizi vya barabarani mifuko inafunguliwa. Mwenye hofu asiandike majina ya waliomwazima vitabu, wala maoni yake juu ya siasa na majeshi. Aandike jina la kitabu na tarehe, mengine ayaweke moyoni. Kaye inamtumikia mtu aliye hai, isije ikamletea hatari.

Hoja ngumu kuliko zote inabaki: vitabu vyenyewe haviko. Ni kweli, na kaye haitazaa kitabu. Lakini itafanya mambo mawili. Kwanza, watu wawili wakiwekana kaye zao mezani, kila mmoja anaona kile ambacho mwenzake anaweza kumtafutia, na kitabu kilichokuwa kimelala chini ya kitanda kinaanza kutembea. Pili, kaye ni shahidi. Mashirika yanahesabu maboksi yaliyogawiwa na kupiga picha. Hakuna anayehesabu vitabu vilivyosomwa hadi mwisho. Vijana 30 wa mtaa mmoja wakifika kwa meya na kaye zinazoonyesha kwamba mwaka mzima walisoma vitabu vya kuazimana tu, ombi lao la maktaba halitakuwa tena maneno matupu.

Kwa watoto waliovuka mpaka, kuna faida nyingine. Matokeo ya shule yakipotea, kaye ya vitabu haitayarudisha, na asidanganywe mtu kwamba ni cheti. Lakini mwalimu mpya, katika kambi ya Burundi au ya Tanzania, akifungua kaye hiyo ataona mtoto huyu alikuwa amefika wapi, kwa lugha gani, na nini kilimshinda. Bila kaye, mtoto anaketishwa mahali popote na kuanza upya kama mtu asiyewahi kushika kitabu.

Hakuna haja ya kungoja Januari wala amani. Mwaka wa msomaji unaanza siku anapoandika mstari wa kwanza, na mstari huo unaweza kuwa kitabu alichokimaliza jana. Wazazi waanze mbele ya watoto wao, walimu waanze kabla ya kuwaagiza wanafunzi. Anayejua kuandika deni la ndagala la mtu mwingine hana udhuru wa kushindwa kuandika mali yake mwenyewe.