Bahari Haisafishi Kila Kitu



Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu. Hupita penye viwanda na gereji za Dar es Salaam. Kisha huingia baharini karibu na Daraja la Selander, penye mikoko. Wataalamu wamepima matope ya mikoko hiyo. Wamekuta madini ya risasi, shaba na zinki.

Risasi ndiyo madini yaliyomo katika betri ya gari. Betri ikivunjwa na kutupwa, mvua huchukua risasi hiyo hadi mtoni. Maji machafu ya viwanda nayo hufuata njia hiyo. Penye mikoko maji hupunguza mwendo. Udongo laini hutua, na madini hutua pamoja nao.

Maganda ya ndizi huoza yakaisha. Risasi haiozi. Kaa na chaza wakiishi humo, huingia miilini mwao. Kuchemsha hakuiondoi. Nayo hudhuru ubongo wa mtoto.

Wengine husema, "Bahari ni kubwa, itasafisha." Mimi sikubali. Mikoko ndiyo iliyozuia sumu hiyo. Tukiikata, matope yatachimbuka na sumu itatoka.

Basi tusikate mikoko, wala tusitupe betri ovyo. Lakini mzigo mkubwa ni wa wenye viwanda. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inawakataza kuchafua maji.

Sasa unajua kuandika. Mkiona maji machafu yakimwagwa mtoni, andikeni barua. Ipelekeni kwa serikali ya kijiji, na nakala wilayani.

Je, mto wenu hupita wapi kabla ya kufika kwenu? Zungumzeni darasani.